Nilisema Nimefuta

Siku mliponiaga mlinipa doti mbili za kanga na saa ya ukutani, mkaniomba niandike jinsi tulivyokuwa tunatunza picha za video pale studio Rahaleo, ili ninyi mliobaki msije mkapoteza harusi ya mtu. Saa haitembei, nimeshabadilisha betri mara mbili. Kanga nashukuru. Haya, naandika, ila nitaandika na jambo moja ambalo sikumwambia mtu yeyote kazini, hata Mzee Nampunju mwenyewe. Anayetaka maelekezo ya diski peke yake asome mwanzo, kisha aendelee na shughuli zake.

Sikuajiriwa kwa sababu najua kamera. Nilikuwa natoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisi. Mzee Nampunju, mwenye studio, alinichukua kwa sababu mimi ni mwanamke. Familia za pwani, hasa za Mikindani, haziruhusu mwanamume na kamera yake aingie walipo wanawake wakimcheza bibi harusi, na Mzee alikuwa amekosa kazi nyingi kwa ajili hiyo. Siku ya kwanza sikupewa kamera. Nilipewa kasha la mikanda ya video na kitambaa cha vumbi, nikaambiwa, "Panga." Nikapanga vizuri, mikanda mikubwa chini, midogo juu, ikapendeza. Mchana akaja akasimama mlangoni. "Niletee harusi ya binti wa Chikongola, ile ya mwezi wa tatu." Nikatafuta mpaka jasho likanitoka. Akaniangalia, akasema, "Basi hujapanga, Somoe. Umefagia." Nilichukia siku nzima.

Kupanga, alinifundisha, ni kumrahisishia kazi mtu ambaye hakuwepo. Jina la faili lianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku, kisha mahali, kisha ukoo, kisha namba ya kamera. Ukifuata mpango huo kompyuta itazipanga yenyewe. Usiite faili "Harusi nzuri". Harusi zote ni nzuri kwa mwenyewe. Kwenye mashine ya mwenzetu mmoja, sitamtaja na yeye anajijua, niliwahi kukuta faili linaitwa MWISHO, la pili MWISHO KABISA, la tatu MWISHO KABISA WALLAHI. Tulilotafuta halikuwa lolote kati ya hayo.

Kadi tulizifunga nyuzi. Uzi mweupe, kadi tupu. Uzi mwekundu, kadi ina kazi, usiiguse. Uzi mwekundu haufunguliwi mpaka kazi iwe imenakiliwa sehemu mbili, na nakala zote mbili uzifungue uzitazame kwa macho yako, mwanzo, katikati na mwisho. Kuona jina la faili si kuona video. Nakala ya tatu inatoka nje ya jengo. Zetu zilikuwa zinakwenda Naliendele kwa dada yangu Mwanaidi, ambako hewa ya chumvi haili vyuma kama huku mjini. Zilikaa ndani ya kopo la biskuti lenye mkaa mkavu chini, na kila miezi mitatu ilibidi mtu aende kuziwasha zote. Mnacheka, najua. Lakini msimu mmoja wa korosho, wakati kila mwenye shamba anaozesha binti na kadi hazitoshi, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, kompyuta kubwa ikatoa moshi mbele ya macho yetu. Ilikuwa na harusi nne. Mzee alichukua pikipiki akaenda Naliendele, na Jumatatu wateja wote wanne walipata kazi zao bila kujua kitu.

Sasa niwaambie ya kushindwa. Karibu na mdomo wa Ruvuma, kuna familia ambayo wazee wake walivuka kutoka Msumbiji. Wajukuu walituita tumrekodi babu yao. Mzee yule alizungumza saa mbili kwa Kimakonde, akataja ukoo wake kwenda nyuma watu tisa, akataja kila kaburi lilipo upande ule wa mto, nani kazikwa chini ya mti gani. Mimi kadi nikaitoa kwenye kamera, nikaifunga kwenye pindo la kanga, kama nilivyomwona mama yangu akifunga vitu vyake vya thamani maisha yake yote. Wakati wa kurudi tukapita kwenye maji ya mikoko, maji yakanifika kiunoni. Nilikuwa nimenyanyua kamera juu ya kichwa kwa mikono miwili, najiona hodari. Pindo lilikuwa ndani ya maji ya chumvi. Kadi ile haikufunguka tena, hata tulipoipeleka kwa mafundi. Tukapanga kurudi, na kabla hatujarudi tukaletewa habari kwamba babu amefariki. Mjukuu wake mkubwa alikuja studio, akakaa kwenye kiti, akaniuliza, "Hata sauti tu, dada?" Sikuwa na hata sauti.

Tangu siku ile nikawa siwezi kufuta kitu. Nawaambia wazi, ulikuwa ugonjwa. Kidole kinafika kwenye kitufe, moyo unakataa.

Na kazi yangu mimi ilikuwa ni kufuta. Kadi za wanawake tuliziita kadi za ndani, nazo zilikuwa na uzi wa kijani. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa isipokuwa mimi. Haziingii kwenye kompyuta kubwa. Nazihariri nyumbani kwenye laptop yangu, naweka kazi kwenye flashi, namkabidhi bibi harusi mkononi mwake, kisha nafuta kila kitu. Ndiyo ahadi aliyoitoa Mzee kwa akina mama wa Mikindani, na ndiyo maana walituita sisi. Mle ndani wanawake wako vichwa wazi, wamefunga kanga kifuani, wanacheza wanavyotaka. "Somoe anafuta," walikuwa wakiambiana, nami naweka mkono kifuani naitikia, "Nafuta, mama zangu."

Nilikuwa sifuti. Kwanza nilibakiza moja, nikajiambia huyu binti ni mzembe, atapoteza flashi yake, siku moja atanishukuru. Halafu ya pili. Nikanunua diski mbili ndogo za mkononi. Moja ilikaa nyumbani kwangu chini ya nguo, ya pili kwenye lile kopo la Naliendele, ndani ya soksi nyeusi. Folda niliipa jina MAPISHI. Ndani yake mlikuwa na mabibi harusi thelathini na saba, kila mmoja na tarehe yake, mahali, ukoo na namba ya kamera. Mzee angeona mpangilio ule angefurahi.

Wa mwisho kuingia humo ni Shemsa. Mama yake ni Bi. Rukia, fundi cherehani wa Mikindani, mama mmoja mwembamba, mkali, mwenye kicheko kikubwa. Shemsa aliolewa na Idrisa, kijana wa familia ya biashara hapa mjini. Ngoma ya ndani ilikuwa alasiri. Simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye kapu, kama kawaida ya pale, na wanawake wa upande wa bwana harusi walikaribishwa. Nilisimama mlangoni na kamera yangu. Shemsa alipakwa singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugulia bibi harusi, akatolewa, akacheza. Wakati mmoja kanga ikataka kumponyoka, akaidaka kwa mkono wa kushoto huku anacheka, na chumba kizima kikapiga vigelegele. Nilimpelekea flashi yake baada ya wiki. Wiki iliyofuata laptop ikawa inachemka, nikaipeleka kwa fundi karibu na soko, ikalala huko siku mbili. Video ya Shemsa nilikuwa bado sijaiondoa humo, niliiondoa laptop iliporudi. Liwekeni akilini hilo, maana lilikuja kuninyima usingizi.

Ilipita kama miezi mitatu. Alhamisi asubuhi Bi. Rukia alinijia nyumbani.

"Karibu dada, kaa."

"Sikai." Alikuwa amevaa kandambili za kuogea, yeye ambaye hatoki bila kujipamba. "Somoe, nakuuliza, unijibu kama unamjibu Mungu. Ile ya ndani ya Shemsa, ulifuta?"

Akanionyesha simu. Kilikuwa kipande kifupi, hakifiki dakika. Shemsa, nywele wazi, kanga inaponyoka, anaidaka, anacheka.

Akili ilinikimbilia kule sokoni. Nikaona laptop yangu juu ya meza ya yule fundi, imefunguliwa. Nikawaona akina mama wote wa Mikindani. Nikasema, "Nilifuta, dada. Wiki ileile."

Nilidhani nimempa nafuu. Bi. Rukia akateleza ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni. "Basi mwanangu amekwisha," akasema.

Ndipo akanieleza. Kipande kile kilikuwa kimezunguka kwenye simu za watu mpaka kikamfikia Idrisa gengeni, akionyeshwa na wanaume wenzake. Idrisa akauliza kimetoka wapi. Wazee wake wakahesabu: simu zilikuwa kwenye kapu, mpigapicha hufuta, kila mtu anajua. Iliyobaki ni flashi moja tu, na flashi iko kwa Shemsa. Kwa hiyo Shemsa kakituma mwenyewe, na bila shaka kwa mwalimu mmoja aliyewahi kumposa kabla. Jumanne walimrudisha na begi lake. Shemsa akaapa, akalia, akaivunja flashi kwa jiwe mbele yao, na hilo likaonekana ni kuficha ushahidi. Jumamosi wazee wa Idrisa wangekuja Mikindani, na Idrisa alikuwa amekwisha kusema atakuja kutoa talaka.

"Nilikuwa nakuombea uwe umesahau kufuta," Bi. Rukia akasema. "Mungu anisamehe. Nilitaka uwe na kosa wewe."

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa amekaa sakafuni kwangu, mlango umefungwa, tuko wawili. Niliogopa. Sisemi nilichanganyikiwa, niliogopa. Kama kipande kimetoka kwenye laptop yangu, basi mimi ndiye niliyemvua nguo mtoto wa watu mbele ya mji mzima, na wenzake thelathini na sita, waliopitia laptop hiyohiyo, wangeweza kufuata. Nikamsindikiza mpaka barabarani kwa maneno ya pole. Nilijichukia nikiwa bado nimemshika mkono.

Nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimkuta ana bisibisi mdomoni.

"Ile siku ya laptop yangu, uliangalia humo ndani?"

"Niangalie nini?"

"Video."

Akatoa bisibisi. "Bi. Somoe, mimi nimebadilisha feni. Harusi za watu nikazitazame za nini, nna zangu mbili nyumbani zimenishinda."

Nilitaka kumwamini. Lakini angesema nini kingine? Nikarudi bila jibu, na kipande chenyewe sikuhitaji kukiomba, kwani kufikia jioni kilikuwa kimenifikia kwenye simu kutoka kwa watu wawili. Mmoja wao alikiandikia chini, "Astaghfirullah, dunia imekwisha," baada ya kukituma.

Njia ya kujua ilikuwa moja tu, kulinganisha na yangu. Nikatoa diski chini ya nguo, nikaichomeka. Ikasema tik, tik, tik. Nikaichomoa, nikapuliza, nikabadilisha waya. Tik, tik, tik. Mnaijua sauti hiyo. Nilikuwa sijaiwasha tangu nilipomwingiza Shemsa, na kuikagua sikuwahi hata mara moja, mimi niliyekuwa nawagombeza ninyi juu ya miezi mitatu. Ingekuwa ya studio ningeikagua, lakini kitu unachokificha hata wewe mwenyewe unakwepa kukitazama.

Ijumaa Naliendele haikufikika mapema, pikipiki ya studio ilikuwa kazini na mvua ilinyesha. Nilifika baada ya sala ya Ijumaa, nimelowa. Dada Mwanaidi akanitolea kopo, akanitazama uso, akaenda jikoni bila kuniuliza. Nikavuta soksi nyeusi. Nikachomeka. Kimya. Halafu taa ndogo ya buluu ikawaka, MAPISHI ikafunguka, nikasema alhamdulillah kwa sauti mpaka dada akachungulia.

Nilimpata Shemsa mara moja. Kadi ya pili, faili la nne. Nikaweka simu kando ya laptop, kipande kile nikakisimamisha pale kanga inapoponyoka. Nikakimbiza yangu mpaka pale pale. Kwenye yangu, nyuma ya Shemsa kuna dirisha na pazia lake la maua. Kwenye ile ya simu, nyuma ya Shemsa kuna mlango. Na mlangoni, kwa mbali, ambapo kipande kikiwa kinakwenda mtu haoni, kuna mwanamke mnene ameshika kamera usoni. Mwanamke huyo ni mimi.

Nililia, jamani. Nililia kwa furaha, na nilistahili kuona haya kwa furaha hiyo, maana Shemsa alikuwa bado kwa mama yake na begi lake. Nikajifuta, nikairudia yangu polepole, nikitazama dirishani. Palikuwa na wanawake wanne wamekaa. Mmoja ameinua mkono, kitu kimefunikwa na ushungi. Shemsa anazunguka, wanawake wanapiga makofi, ushungi unateleza. Ni simu. Nikasogeza mbele kidogo, mwenye simu akageuza uso. Nilimfahamu. Ni Bi. Tatu, shangazi yake Idrisa, aliyemlea.

Jumamosi asubuhi nilifika Mikindani na mkoba wangu. Wanaume walikuwa barazani: Idrisa, ameinamisha kichwa, na baba yake mkubwa, Mzee Saidi, mtu mpole anayesema taratibu, na wengine wawili. Wanawake tulikuwa ndani, pazia likitutenga nao. Bi. Tatu alikuwa humo humo nasi, anapangusa macho kwa ncha ya ushungi. Shemsa alikaa pembeni, magoti kifuani. Hakuniangalia.

Mzee Saidi alianza kwa dua, kisha akasema, "Sisi hatukuja kumtukana mtoto. Lakini hesabu imekataa. Mpigapicha mwenyewe, mtu mzima, mwaminifu, kasema kafuta."

Nilisimama. Nikasema kupitia pazia, "Mzee, nilisema uongo. Sikufuta. Ninayo hapa."

Ndani walishtuka kama mtu kamwaga maji ya moto. Bi. Rukia akanikodolea macho. Nje Idrisa alisema, "Ala!" Mzee Saidi akakohoa. "Ileteni tuione."

"Hamuwezi kuiona. Ni ya ndani."

"Sasa tutajuaje?"

"Chagueni mwanamke wenu mmoja mnayemwamini. Aitazame, atoke awaambie alichokiona. Mtalichukua neno lake."

Wakanong'onezana kidogo. Kisha Mzee Saidi akasema, bila kusita, "Tatu si yumo humo? Tatu ataangalia. Neno lake ni letu."

Sikuwa nimelitarajia hilo. Kumkataa ningelazimika kusema kwa nini, na mwenye kusema ni mimi, mwongo wa Alhamisi.

Tuliingia chumbani wanne: Bi. Tatu, Bi. Rukia, Shemsa na mimi. Nikaweka laptop juu ya cherehani. Nikaiwasha bila maneno. Shemsa akacheza mbele yetu, akacheka, kanga ikaponyoka. Nikaweka kidole kwenye dirisha. Ushungi ukateleza. Nikasimamisha.

Bi. Tatu alijitazama. Alikuwa kama haelewi, kisha akaelewa. Bi. Rukia akavuta pumzi, nikajua anataka kupiga kelele ambayo ingefika msikitini. Shemsa akamshika mkono.

"Mwache, mama."

"Nimwache? Huyu?"

"Mwache atoke. Kama atasema, aseme. Tukimbana humu watasema tumemlazimisha." Akamgeukia Bi. Tatu. Sauti haikupanda hata kidogo. "Shangazi, wanakusubiri."

Bi. Tatu akajitanda vizuri. Akatoka. Tukabaki watatu tunatazama pazia. Naapa nilisikia cherehani ikitetemeka, kisha nikagundua ni mimi nimeiegemea. Angeweza kusema chochote. Angesema hajaona kitu, na neno lake lilikuwa limekwisha kukubaliwa.

Tukamsikia akifika barazani. Mzee Saidi akasema, "Ndiyo, Tatu?"

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?"

"Simu ni yangu. Niliificha kwenye kanga, sikuiweka kapuni. Nilimpelekea mwanangu Dar es Salaam, aone wifi yake alivyo mzuri. Nilijivuna, kaka. Yeye akawatumia shoga zake." Akaanza kulia. "Mlipoanza kumtafuta mtu, nikaogopa. Nikanyamaza. Mtoto huyu hana kosa."

Sitaeleza yote yaliyofuata barazani. Idrisa aliingia mpaka kwenye pazia, akaita jina la mkewe mara tatu, akaomba radhi analia. Shemsa alimjibu kwamba amesikia, na kwamba atarudi siku atakayojisikia kurudi, si leo. Wakaondoka. Bi. Rukia alikwenda kujitupa kitandani, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu Jumanne. Mimi nikaanza kukunja waya zangu, nikidhani yangu yamekwisha.

"Bi. Somoe," Shemsa akasema. "Humo niko peke yangu?"

Nilikuwa nimechoka na uongo. "Mko thelathini na saba."

"Wenzangu wanajua?"

"Hawajui." Wanne nimewaendea tangu siku ile, nikawaambia kwa mdomo wangu. Mmoja alinikumbatia, mmoja alinifukuza, na wawili hawajanipa jibu. Waliobaki nitawafikia, na kama maandishi haya yatanitangulia kuwafikia, basi wajue hivyo.

"Nipe."

Nikampa diski. Akatoka nayo uani, nami nikamfuata. Alivuta kinu, akakipangusa kwa kiganja, akaidondosha diski ndani, akachukua mchi.

"Shemsa, mwanangu," nikasema, "flashi yako uliivunja. Ukitwanga hii, harusi yako haipo tena popote duniani. Hata mama yako hatakuwa na cha kutazama."

"Ndivyo nilivyoahidiwa," akasema, akatwanga.

Sahani ya ndani ya diski hizi ndogo ni ya kioo. Ilivunjika kwa pigo la tatu. Mimi niliyetumia maisha kuhakikisha kitu hakipotei nilisimama nikisikiliza thelathini na saba wakisagika, na nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Akauliza ile nyingine iko wapi. Nikamwambia imekufa, nikaitoa mkobani, naye akaitia kinuni vilevile. Nikamfungulia laptop, akapekua folda moja baada ya moja mpaka akachoka.

Kisha akasimama, mchi mkononi, jasho linamtoka. "Sasa zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Nitajuaje?"

Kitu kilichopo naweza kukionyesha, nimefanya hivyo miaka yote: kopo hili, folda hii, tazama mwanzo, katikati na mwisho. Kisichopo sikuwahi kufundishwa namna ya kukionyesha. Nilikuwa na neno langu tu, na neno langu alikuwa amekwisha kuliona linavyofanya kazi.

Shemsa akautazama mkoba wangu. Nikaumwaga wote juu ya mkeka: funguo, kitambaa cha lenzi, vidonge vya kichwa, waya mbili, na kadi mbili mpya zilizofungwa uzi mweupe.

"Na hizi?"

"Hizo tupu. Hazijawahi kuingia kwenye kamera."

Alizitazama, akanitazama, akazitia kinuni. Kinu kilikuwa kinayumba juu ya matofali ya ua, na mikono yake ilikuwa imechoka. Nikapiga magoti, nikamshikia kinu.